Kiganja Kwenye Kioo

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu: kusafisha kioo cha jiko, kwa sababu kesho yake wageni wa mradi walikuwa wanakuja kulikagua.

Jiko lenyewe linahitaji maelezo. Mfadhili alituletea majiko manne yanayotumia vidonge vya maranda, yenye mlango wa kioo ili moto uonekane. Ni majiko ya kupasha chumba joto. Kibaha, kwenye joto hili la Pwani! Hakuna aliyethubutu kusema neno, maana barua ya shukrani ilikwisha kusainiwa. Mimi Lusajo, afisa misitu, nikakabidhiwa moja nilifanyie majaribio nyumbani kwangu Sofu na kuandika taarifa kila Ijumaa. Tuliliweka barazani. Mke wangu, Atupele, akawa anachemshia maharage juu yake, jambo ambalo kwenye taarifa niliita "matumizi mbadala".

Kioo husafishwa jiko likiwa limepoa. Unalowesha gazeti, unachovya kwenye jivu laini, unasugua upande wa ndani mpaka masizi yaachie, kisha unakausha. Kiking'aa, unawasha.

Niliwasha. Dakika kumi, kioo kikawa cheusi tena. Halafu, katikati ya weusi ule... pakafutika.

Kiganja. Kidogo. Vidole vitano.

Kwa ndani.

Kama mtu anavyofuta ukungu dirishani ili achungulie nje.

"Atupele..."

"Vidonge vina unyevu hivyo, Baba Evance," alisema bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachagua.

"Unyevu una vidole?"

Akaja. Akatazama. Akajifunga khanga upya, kwa nguvu.

"Zima."

Nilizima. Kioo kilipopoa nikasugua mpaka gazeti likachanika, nikawasha tena. Masizi. Kisha kiganja, safari hii chini zaidi, kama cha mtoto aliyechoka kusimama. Na harufu iliyotoka haikuwa ya moshi. Ilikuwa ya udongo mbichi, uliofukuliwa sasa hivi.

Gunia la vidonge lilikuwa na lebo, na lebo ilikuwa na namba ya kibali cha kuvuna miti. Kijiji kimoja kule Marui, Kisarawe. Namba ile niliijua. Kibali kile nilikiandika mimi.

Fomu ya kibali ina swali la saba: je, eneo lina makaburi? Nilijibu: "Hakuna. Eneo limekaguliwa." Nilijibia mezani. Gari la ofisi lilikuwa gereji kwa mwezi wa tatu, na fomu haina mahali pa kuandika "sijui".

"Huko ulifika?" Atupele aliuliza.

Niligeuza gunia, lebo ikaelekea ukutani.

"Kesho nenda. Wageni nitawaambia unaumwa. Si uongo sana."

Nilifika Marui jua likiwa linaelekea kuzama. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Seifu, alinipokea mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afisa. Leo umekuja mwenyewe? Mara ya kwanza ilikuja karatasi."

Akanipeleka. Miti yote mikubwa ya mikongo ilikuwa imeondoka. Trekta lilikuwa limeng'oa hata visiki, likasawazisha ardhi mpaka ikawa kama uwanja wa mpira. Katikati alisimama mwanamke mzee, ameshika birika la maji.

"Bi Zena," mwenyekiti alininong'oneza. "Binti yake, Faudhia, alizikwa hapa. Alikuwa na miaka sita. Alama ilikuwa mkongo tu. Na macho ya mama ndiyo hayo, hayaoni vizuri." Kisha akapaza sauti: "Bibi, afisa aliyekagua huyu hapa!" Akageuka, akaondoka zake.

Uso wa Bi Zena ulifunguka kwa furaha. Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Ndiye wewe, mwanangu? Mwenyekiti alinisomea karatasi. Eneo limekaguliwa. Nikasema alhamdulillahi, basi yupo mtu aliyepaona kabla ya trekta." Akanishika mkono. "Wiki ya pili hii nazunguka na maji. Nionyeshe tu. Mkongo mkubwa, wenye kovu la radi. Ulisimama wapi?"

Sikufika hapa, mama. Maneno matatu tu. Niliyapanga vizuri mdomoni...

"Pale," nilisema, nikanyoosha kidole.

Hakuuliza mara mbili. Alikwenda pale, akapiga magoti, akamimina maji taratibu. Akaanza kuzungumza na udongo. Alimwambia Faudhia habari za nyumbani. Mbuzi amezaa. Dada yako kaolewa. Usinione nimechelewa, mwanangu, nilikuwa nimepotea.

Ndipo nikasikia.

Nyuma yetu. Mbali, upande mwingine kabisa wa uwanja. Sauti nyembamba, ya mtoto.

"Mama..."

Mkono wa Bi Zena uliganda na birika.

"Umesikia mtu, mwanangu?"

Nilikuwa na nafasi ya pili. Si wengi huipata.

"Upepo, mama."

Hapakuwa na upepo. Hata jani moja halikutikisika. Yeye akaitikia kwa kichwa, akainama tena, akaendelea kuongea na mahali pasipo na mtu, akiwa na furaha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Na kule nyuma sauti iliita tena. Ikaita tena. Kila mara chini kidogo... mpaka ikanyamaza.

Sikugeuka.

Bi Zena huenda pale kila Ijumaa.