Cherehani Nyuma ya Pazia

"Jirani, mumeo si amesafiri? Mbona cherehani yake inalia?"

Aliyeuliza ni muuguzi wa zahanati, amesimama mlangoni na sare yake mkononi, aliyoileta ipunguzwe. Mke wa fundi uso ukamshuka. Wiki nzima aliwaambia wateja kwamba fundi yuko safarini. Kumbe yuko nyuma ya pazia, ananuka pombe, anashona suruali ya mtu mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Ni mimi. Najifunza kushona," alisema.

"Hongera," muuguzi akajibu, akaenda zake.

Aibu ilimwingia mke wa fundi hadi mifupani. Maana lilikuwapo jambo zito kuliko uongo ule. Pombe yenyewe aliinunua yeye. Kila asubuhi aliifunga ndani ya vitambaa vya bitana, akamletea mumewe anywe ndani, asionekane akipepesuka barabarani. Alidhani anamsitiri. Na bado alipiga magoti kila siku kumwomba Mungu amwachishe.

Siku hiyo akaimwaga yote.

"Kuanzia leo, basi," alimwambia mumewe. "Umenifanya kichekesho."

Fundi hakubisha. Kesho yake mikono ilimtetemeka, uzi ukakataa kuingia sindanoni. Jasho likamtoka. Asubuhi ya tatu akaanguka kando ya cherehani, mwili umekakamaa, unatikisika. Mkewe akatoka mbio kumwita muuguzi yule yule aliyekuwa amemdanganya.

Fundi alilazwa hospitali. Alipotulia, muuguzi, aliyekuwa amewasindikiza, alimketisha mke wa fundi kwenye benchi la nje.

"Aliyezoea kunywa kila siku hakatizwi ghafla nyumbani," alisema. "Mwili unashtuka. Angeweza kufa. Anaacha akiwa mikononi mwa daktari, kwa dawa."

"Mimi ndiye niliyemwaga." Mke wa fundi aliangalia vidole vyake vya miguu. "Na mimi ndiye niliyekuwa nanunua."

"Hukujua. Sasa niambie, kabla ya pombe alikuwaje?"

Alifikiri. Tangu afiwe na mama yake, fundi hakulala vizuri. Chakula alikisukuma. Alikaa na mkasi mkononi saa nzima bila kukata kitu. Siku moja alisema, "Ningekufa mimi, mngepumzika."

"Wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia aache kudeka."

"Hiyo inaitwa sonona, dada. Ni ugonjwa, si kudeka. Alikunywa ili apate usingizi, na pombe ikaizidisha huzuni. Magonjwa mawili yanalishana. Ukitibu mmoja ukauacha wa pili, yote yanarudi. Yanatibiwa pamoja. Na mtu akitaja kufa, usimkemee. Muulize, kaa naye, umlete kwetu haraka."

Ikawa hivyo. Fundi alipewa dawa, na kila Alhamisi akaenda kliniki kuzungumza na mshauri. Mwezi wa pili aliteleza, akanywa. Mkewe hakupiga kelele wala hakuficha. Walikwenda kliniki pamoja, wakasema ukweli. Kufikia mwezi wa tano alikuwa analala usingizi, anakula, na suruali zake zina miguu iliyolingana.

Alhamisi moja kaka mkubwa wa fundi aliingia dukani. Wateja watatu walikuwa wanasubiri.

"Eti bado unakwenda kumeza vidonge vya wenye wazimu?" alisema, tena kwa sauti. "Mwanamume mzima na ndevu zako. Ukoo unaona haya. Twende tukapate kidogo, kimoja tu, uchangamke."

Wateja wakatazama chini. Mke wa fundi alihisi masikio yanawaka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alitamani kulivuta lile pazia.

"Shemeji," alisema polepole, "ni mgonjwa, na anatibiwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Fundi aliweka mkasi mezani. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kadi yake ya kliniki. Hakuitia mfukoni. Akapita katikati ya wateja ameishika mkononi, mbele ya macho yao wote, akampita kaka yake, akatoka kwenda kliniki.