Njia ya Ng'ombe Isiyokuwa Kwenye Ramani

Mama Maziwa alikuwa anamkamua ng'ombe wa nne kati ya saba. Mumewe aliingia zizini akihema. Alikuwa ametoka ofisi ya kijiji.

"Wamebandika ramani mlangoni," alisema. "Nyumba mpya sitini. Zinaanzia kwenye uzio wetu, zinajaza bonde lote."

"Na njia ya ng'ombe kwenda mtoni?"

"Haimo. Wameandika 'eneo tupu'."

Mama Maziwa aliacha kukamua. Miezi mitatu nyuma, mpima ardhi alipita akamuuliza, "Mama, pale bondeni pana nini?" Naye akajibu kwa adabu, kama watu wa pale wanavyosema juu ya chochote kilicho chao, "Aa, bwana, hapana kitu. Majani tu." Mpima akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Hata sasa hakumwambia mumewe. Kwa siku tatu hakwenda hata kuiona ile ramani. Bila njia ile, kwenda mtoni ni kuzunguka mwendo wa saa mbili. Ng'ombe wa maziwa hawawezi. Ingebidi wauzwe.

Siku ya nne alikuja wifi yake, anayechora ramani katika ofisi ya mipango miji ya wilaya nyingine.

"Wifi, mbona uso umekunjamana kama shuka la mgonjwa?"

Mama Maziwa akamweleza yote. Wifi alicheka mpaka akashika ubavu.

"Kumbe ni wewe uliyefuta njia ya kijiji kizima!"

"Usinicheke. Kaka yako hajui."

"Atajua leo. Tangazo lina tarehe ya mwisho?"

"Sikwenda kusoma. Niliogopa."

Walikwenda wakasoma pamoja. Zilibaki siku tisa.

"Hili ni pendekezo," wifi alisema. "Uamuzi bado. Ndiyo maana wamelibandika. Mwenye hoja huandika pingamizi kabla ya tarehe hii. Ukichelewa, umejinyima mwenyewe."

"Niandike kwamba hatutaki nyumba?"

"Hapana. Wanao wakioa watalala zizini? Andika kilichopo pale. Ng'ombe wangapi wanapita, saa ngapi, njia ina upana gani, maji ya mvua hufika wapi. Ukiandika 'tunaumia', nani atapima maumivu?"

Jioni ile Mama Maziwa alimkabili mumewe. "Aliyesema hapana kitu ni mimi."

Mume alivaa viatu. Kisha akachukua kamba ukutani. "Haya, shika upande huu tukapime."

Njia ilikuwa na upana wa mita nane. Waliwahesabu ng'ombe wote wanaopita: mia moja na arobaini, kutoka kaya kumi na tisa. Waliweka vigingi pale maji ya mafuriko yalipoacha alama. Kila kaya ilitia saini. Barua ilifika siku mbili kabla ya mwisho, na Mama Maziwa hakuondoka mpaka nakala yake ilipogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kisha wakasubiri wiki tano. Kila pikipiki iliyosimama njiani ilimshtua.

Hatimaye mkutano uliitwa. Mpima alisimama. "Mama huyu aliniambia mwenyewe hapana kitu."

Watu wote wakamgeukia Mama Maziwa. Akainuka. "Nilikuambia vibaya. Twende nikuonyeshe."

Walishuka bondeni wote. Katikati ya "eneo tupu", mpima alizama topeni hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Majani tu hayo, bwana," mume alisema, na watu wakaangua kicheko.

Ramani mpya ilikuwa na nyumba hamsini na mbili, zote mwinukoni. Bonde liliachwa. Njia ilichorwa, mita nane kamili.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha wakati nyumba zimekwisha kujengwa na wakazi wamehamia. Mama Maziwa alisimama kwenye uzio, roho juu. Maji yalijaa bondeni siku mbili, yakapungua. Hayakuingia nyumba hata moja. Siku ya tatu, ng'ombe walipokuwa wanapita, mwanamke alimwita kutoka dirisha jipya.

"Dada, hao ng'ombe wana maziwa?"

"Wangu ni saba. Asubuhi wanatoa lita thelathini na nne. Lete chombo."