Kiganja Chenye Upenyo

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu yalianza alfajiri, na hadi watu wanapanga foleni yalikuwa bado yanagonga mabati ya kliniki ya macho. Simu ya Fundi ikalia mlio wa ujumbe mkononi mwa mchumba wake.

"Nisomee, Sindano wangu," Fundi akasema huku akijipangusa manyunyu usoni.

Jina hilo alilipata kwa cherehani yake na kwa ulimi wake. Akasoma kimyakimya:

"Mwanangu, leo pia jizibe kwa kiganja chako, acha upenyo. Harusi ipite kwanza, ndipo aujue ukweli."

Akaurudia ujumbe, akaelewa. Kipande cha chuma kilipomtoboa Fundi jicho la kushoto karakanani, daktari alimwambia azibe la kulia ahesabu vidole anavyoonyeshwa. Akavihesabu vyote. Daktari akasema anayeona vidole siku ya kwanza ana matumaini makubwa ya kuona vizuri baadaye. Tangu hapo Sindano alimshukuru Mungu kila siku.

"Ni nani?" Fundi akauliza.

"Mama yako. Anakusalimu."

Wakaitwa ndani. Daktari aliliangalia jicho, akatikisa kichwa.

"Sielewi. Jicho lililohesabu vidole siku ile lingekuwa limefika mbali sasa. Ziba la kulia tuone."

Kiganja cha Fundi kikapanda.

"Shusha mkono," Sindano akasema. "Daktari, leo namziba mimi."

"Sindano, subiri kidogo..."

"Nimesema shusha!"

Akamziba kwa kiganja chote, akabana. Daktari akainua vidole vinne.

"Vingapi?"

Fundi akakisia.

"Viwili?"

Daktari akawasha tochi.

"Na sasa?"

"Mwanga. Naona mwanga tu."

"Na siku ile ya kwanza?"

"Mwanga tu, daktari. Nilichungulia katikati ya vidole."

Sindano akautoa mkono kama aliyeungua.

"Nimemshukuru Mungu kwa uongo! Napiga magoti, naomba, na wewe unaitikia amina huku unajua!"

"Niliogopa utaondoka."

"Nilisema lini? Daktari anapima kwanza ndipo anatabiri. Wewe umenitabiria mabaya bila hata kunipima!"

"Matibabu yasingebadilika," daktari alisema taratibu. "Jeraha lilikuwa kubwa. Ila matumaini yale nisingewapa. Huenda jicho likabaki hivi hivi. La kulia ni zima, lilindeni."

Sindano akampigia mama mkwe kwa simu ile ya Fundi, akaweka spika.

"Mwanangu, umejiziba vizuri?"

"Amezibwa vizuri sana, mama. Nimemziba mimi."

Pumzi ikasikika upande wa pili.

"Mkwe wangu, usinielewe vibaya. Msichana mzuri, mwenye kazi yake, atakubali chongo?"

"Kwani mimi nilichumbiwa na jicho? Hilo jina la chongo mmempa nyinyi wenyewe, mama. Mimi sijawahi kulitamka!"

Mlango ulikuwa wazi. Wagonjwa wa kwenye foleni walikuwa wameshajaa pale, muuguzi mbele yao, na hakuna aliyejifanya hasikii.

"Nisamehe," Fundi alisema.

"Sijakusamehe. Nina hasira, na Mungu ananiona. Unalo la kusema? Simama useme mbele ya hawa, mama naye asikie."

Fundi akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Naahidi mbele yenu nyote. Giza lolote nitakaloliona, wewe ndiye utakayeambiwa kwanza. Kabla ya daktari. Kabla ya mama."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," sauti ndogo ikajibu.

Sindano akajifuta machozi kwa nguvu, akawageukia waliosimama mlangoni.

"Basi nisikieni na mimi. Naahidi Jumamosi nitaolewa na mtu huyu, na hasira yangu hii hii. Asichokiona nitamwonyesha. Lakini akinificha tena hata kibanzi, nitaondoka mchana kweupe, na nyinyi ndio mashahidi wangu."