Pori la Kupandwa

Jabez alikuwa amekatazwa kusema kwa miaka saba. Ndiyo kazi aliyoajiriwa: kukaa katika kibanda cha magome ndani ya pori la Sir Ambrose, asikate ndevu wala kucha, asifungue kinywa, ili wageni wakipita wamwone mtawa wa msituni na miili iwasisimke. Lo, wenye mali wana mambo! Basi asubuhi moja ya Novemba, katika mwaka wake wa pili, Jabez alimshika mkono Enoch Pargeter, mkuu wa watunza bustani, akamnong'oneza kwa sauti iliyokauka, "Bwana Enoch, yule mtoto anayekohoa ni wa nani?"

"Mtoto gani? Nyamaza wewe, utafukuzwa."

"Nifukuzwe tu. Anapita hapa mchana kweupe. Anakohoa mpaka pumzi inamwishia, akiivuta inalia kama jogoo mchanga. Namsikia, simwoni."

Kifaduro hicho. Enoch aliinama akaendelea kulima mahali ambapo hapakuwa na haja ya kulimwa.

Pori lile lilikuwa la kupandwa. Zamani bustani ya jumba lake ilikuwa mistari mitupu, kisha Sir Ambrose akarudi kutoka London na fasheni mpya: mstari ulionyooka ni ushamba, na bustani nzuri ni ile inayofanana na pori lisiloguswa na mkono wa mtu. Ili mkono wa mtu usionekane, kijiji chetu cha Coldwell kikabomolewa chote. Kijito kikazibwa, bonde la nyumba zetu likawa ziwa, nasi tukahamishiwa nyuma ya kilima tusiharibu mandhari. Mteremko wa makaburi ukapandwa miti, na njia zikapindishwa makusudi ili mgeni apotee kidogo, afurahi. Hata miti iliyokufa ilichimbiwa mashimo ikasimamishwa, eti pori lionekane la kale. Yote hayo aliyafanya Enoch.

Mifupa iliagizwa ihamishwe. Enoch, akiharakishwa, aling'oa kwanza alama zote za mbao apate kupima njia zake, ndipo akaanza kuchimba. Wafu wenye mawe walipatikana. Binti yake Tabitha, aliyekufa kwa kifaduro akiwa na miaka minne, alikuwa na kijiti tu. Alimtafuta siku tatu, akamkosa. Akajaza udongo katika kisanduku akakizika upya, na tangu hapo, miaka mitatu sasa, mkewe Dorcas hupeleka maua pale kila Jumapili.

Wiki ile kila mtu alikisikia kikohozi. Bibi mmoja mgeni alizimia, na Sir Ambrose akafurahi kupita kiasi.

"Umewezaje, Enoch? Ni filimbi? Usiiguse! Sasa hili ndilo pori!"

Enoch aliitikia, "Ndiyo, bwana," akashika jembe lake akaingia nyuma ya miti.

Alhamisi asubuhi Dorcas alimletea mkate na jibini. Ukungu ulikuwa umekaa chini, na walipokuwa wameketi mlangoni kwa Jabez ikaja harufu ya mafuta ya bata bukini yaliyokaangwa na kitunguu, harufu ileile ya dawa tunayowapaka watoto kifuani, ikaja bila upepo, ikawazunguka, na nyuma yake vikaja vishindo vya miguu midogo juu ya majani makavu, vikifuata kona ya njia, vikienda, vikirudi, kisha kikohozi kikaanza karibu kabisa na goti la Dorcas, kikamshika huyo asiyeonekana, kikamtikisa, kikamwachia, kikamshika tena, mpaka Enoch akaziba masikio.

"Baba Tabitha," Dorcas alisema polepole. "Huyo ni mwanangu."

"Ni mbweha, mke wangu."

"Nilimbeba wiki sita akikohoa begani mwangu, wewe unaniambia mbweha? Kule kwenye kisanduku kuna nini?"

Enoch alitazama mikono yake. "Udongo."

"Sema tena."

"Udongo, Dorcas. Sikumwona. Nilishindwa kukwambia."

"Miaka mitatu naupelekea udongo maua!" Alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, naye akasimama tu, akipigwa, akilia.

Jabez ndiye aliyewaamua. "Mama, niliyekaa humu ni mimi. Kila siku anapita, anazunguka, anarudi palepale. Njia hizi zimetengenezwa ili mtu apotee. Mtoto wa miaka minne atatokaje? Mnyoosheeni njia."

Njia iliyonyooka ndani ya pori la Sir Ambrose! Maana yake kufukuzwa kazi na nyumba jioni hiyohiyo. Enoch alichukua shoka. Alikata vichaka alivyovipanda mwenyewe, akaangusha na ile miti iliyokufa, na adhuhuri ilipofika uwazi mmoja ulikuwa umetoka kibandani mpaka kwenye majani ya ukingo wa pori. Dorcas akasimama mwisho wa njia, kilima na nyumba mpya vikiwa mgongoni kwake, akapiga magoti na kufungua mikono.

"Tabitha! Njoo mama, njoo kwangu. Twende nyumbani."

Vishindo vikaja. Vilikuja moja kwa moja, mbio, harufu ya mafuta ikitangulia. Enoch aliona sketi ya mkewe ikisukumwa pembeni. Mikono ya Dorcas ikakumbatia hewa.

Vishindo vikampita, vikapinda kuelekea bondeni, na majani yakaendelea kulala chini ya miguu midogo, mteremko mzima, mpaka ziwani. Maji yakafunguka kidogo, yakajifunga.

"Anakwenda wapi?" Enoch alinong'ona. "Nyumba iko huku!"

"Nyumba ipi? Hiyo mpya haijui." Dorcas alikuwa ameshasimama. "Mlango wetu ulikuwa pale, Enoch. Uliumwagia maji wewe."

Kikohozi kikaanza tena, chini ya ziwa, kizito, kikija juu na mapovu.

Dorcas alivua viatu akaingia mpaka magotini, akainama. Akaweka kiganja juu ya maji, akaanza kuyasugua taratibu, akizungusha, kama unavyomsugua mgongo mtoto aliyepaliwa. "Tulia, mama. Tulia. Nipo." Enoch alipoingia naye na kunyoosha mkono wake, Dorcas aliusukuma kando. Akaendelea kusugua, na baada ya muda mrefu mapovu yakaanza kupungua.