Mikono Iliyozoea Watoto

"Funga mdomo."

"Nimefunga."

"Hujafunga. Meno yote hayo nayaona. Ukipeleka picha hiyo watakurudisha, halafu uje kunilaumu mimi."

Nje ya ofisi ya uhamiaji watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani: wenye bahasha, wenye watoto mgongoni, wenye kugombana kwa sababu fulani kaingilia foleni. Kibanda cha picha kilikuwa palepale ukutani. Stuli moja, shuka jeupe, kioo, kitana kilichofungwa kamba kisiibwe, na koti jeusi la kuazima kwa waliokuja na fulana. Kijana aliyekaa kwenye stuli alikuwa amelivaa koti hilo, na mikono ilimtokeza karibu mpaka viwiko. Picha ya pasipoti haitaki tabasamu, na yeye kila kamera ikiinuliwa anachanua.

"Una nini lakini wewe?" mpiga picha aliuliza. Alikuwa binti wa kilemba cha njano na suruali ya jinzi iliyokunjwa miguuni, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya pua. "Nikuhadithie msiba?"

"Niambie jina lako tu."

"Hapa kazini naitwa Bosi. Kaa wima."

"Sawa, Bosi." Akakaa wima, meno nje.

Picha ilipatikana pale mama mmoja wa kwenye foleni alipomfokea. Uso ukamshuka, na Bosi akabonyeza hapohapo. Kesho yake kijana alirudi kupiga nyingine.

"Za nini, Meno? Si ulichukua jana?"

"Za akiba."

"Pasipoti ngapi wewe, jasusi?"

Siku ya tatu hakuomba picha wala nini. Alikuja na chai mbili na akakaa kwenye stuli mpaka wateja wakaanza kumsogeza kwa viwiko. Penzi likaanza hivyo, kwenye jua kali, foleni nzima ikiwa shahidi.

Meno alikuwa amemaliza shule, na alikuwa amepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja nchi ya jirani, kwenye kituo cha watoto wadogo ambao mama zao wanashinda kiwandani. Kwao walimwona kapungukiwa na akili. Mwanaume mzima, akabadilishe nepi ugenini, bure? Jioni moja Bosi alikuwa anakunja shuka lake, Meno akamuuliza, "Bosi, unasemaje? Niende au nisiende?"

Bosi aliacha kukunja. Lazima ujue kwamba kwao yeye ni kitinda mimba, na jina lake la nyumbani ni Mtoto. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na kibanda chake mwenyewe, lakini kaka yake bado alimwelekeza namna ya kuvuka barabara. Rangi ya sebule ilipochaguliwa, hata jirani aliulizwa. Yeye hakuulizwa. Sasa huyu hapa anangoja neno lake kama vile maisha yake yote yameegemea hapo.

"Nenda," alisema. "Ila simu upige. Usipopiga nakufuata kukupiga wewe."

Akapiga kweli. Lugha ya huko ni ileile, ila wanaivuta kidogo, na Meno naye akaanza kuivuta.

"Bosi wangu, nimekukumbuka mpaka... hapana, hicho hakiliwi!"

"Nini hakiliwi?"

"Si wewe, mpenzi. Kuna mtu hapa ana ndala ya mwenzake mdomoni. Ehe, ulikula?"

"Nimekula. Unanipenda?"

"Sana. Kaa chini! Usimwage! Nakupenda sana."

"Mbona unanipenda kwa kufoka?"

Walicheka hivyo miezi yote. Alimsimulia alivyojifunza kuosha nyuso kumi kwa mkupuo, alivyolala chini pamoja nao mchana akaamshwa kwa kidole cha mtu sikioni. Bosi alisikiliza akiwa amejifunika shuka gubigubi asisikiwe na kaka yake, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Meno aliporudi hakupitia hata kwao. Alifika kibandani na begi mgongoni, amekonda, shati limefifia mabegani kwa kufuliwa, wakakumbatiana mbele ya watu na foleni ikapiga vigelegele. Bosi alilia bila kuona haya. Kama hadithi ingekomea hapo sote tungelala vizuri.

Kumbe mtu alirudi, mikono ilibaki kazini. Wakitembea, Meno aliinama katikati ya njia akamfunga kamba za viatu. Barabarani alimshika mkono na kuimba, "Gari hilooo, tunasubiri, haya sasa!" Alimpulizia chai. Bosi akajikaza, akasema ni ugeni, utamtoka. Mpaka siku ile mgahawani, alipomaliza kula, Meno akapiga makofi.

"Amemaliza yote! Nani bingwa?"

Mhudumu aligeuka, na meza ya jirani nayo ikageuka.

"Umesema nini?" Bosi aliuliza taratibu.

"Nimesemaje?"

"Unanipigia makofi kwa kumaliza chakula."

Meno aliitazama mikono yake kama imekuja na mtu mwingine. "Mpenzi, haki ya Mungu sikujua."

"Nyumbani nina watu wa kunilea, wananitosha. Wewe nilikupenda kwa sababu uliniuliza kitu, ukasubiri jibu." Alisimama, macho yamejaa. "Umerudi, hujaniuliza hata kimoja. Kama ulitafuta mtoto, ungebaki kulekule."

Akaondoka. Simu ziliita, akazizima. Kibandani alipiga picha za watu wasiotabasamu na yeye mwenyewe hakutabasamu, na usiku aliumia, kwa sababu alikuwa bado anampenda na hakuona namna ya kurudi kwake bila kurudi utotoni.

Jumapili mchana mlango ukagongwa. Kaka akaenda kufungua.

"Mtoto! Mgeni wako huyu hapa, anatetemeka."

Meno alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Bosi alinuna. Lakini baba, mzee wa ndevu nyeupe aliyesimamia maghala maisha yake yote na bado alizungumza kama anahesabu magunia, alimwonyesha kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa ule, tuseme baadaye."

Mama akapakua wali na nyama. Wakala, kisha mzee akaanza.

"Sasa, kijana. Nasikia binti yangu halali usiku. Nataka kujua wewe ni mtu wa namna gani, na una kazi gani, na..."

Mchuzi ulikuwa umemshuka ndevuni, na punje mbili za wali juu yake. Meno alikuwa anamsikiliza kwa adabu zote. Mkono wake mmoja ukachukua kitambaa, wa pili ukamshika mzee kidevu, na kufumba na kufumbua ndevu zikawa zimepanguswa.

"Tayari! Safi kabisa," Meno alisema kwa furaha. "Huyu ndiye mwanaume!"

Kaka alikimbilia jikoni na huko akasikika akianguka juu ya kitu. Mama alijifunika uso. Meno alibaki na kitambaa hewani, akisubiri kufukuzwa.

Kilichofuata ni kicheko cha Bosi. Kilimtoka tumboni, akashika meza, akacheka mpaka machozi. Kama mikono ile imemshika kidevu baba yake, mtu aliyekuwa anaogopwa na ghala zima, basi haikuwa imemshusha yeye hata siku moja.

"Nisamehe, mzee," Meno alisema. "Mwaka mzima nimekuwa na watoto. Siku hizi nikimpenda mtu, mikono inatangulia."

"Kwa hiyo unanipenda mimi?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Hapana. Ndiyo."

"Na mimi?" Bosi alidakia, akijifuta macho. "Na kwangu ilitangulia?"

"Kwako zaidi. Nilikuona nikasahau kuongea."

"Basi ongea sasa."

Meno akavuta pumzi. "Kituo kimenipa kazi. Ya mshahara, ya kudumu. Wanangoja jibu na mimi sijawapa. Nilirudi kuja kukuuliza, badala yake nikaanza kukupulizia chai. Sitaki kwenda bila wewe, na sitaki kukubeba. Bosi, unasemaje?"

"Huyu bado mtoto," mzee alikata. "Mambo makubwa hayo. Mimi na mama yake tutakaa..."

Meno alikuwa bado ameshika kijiko. Akakiweka chini.

"Samahani sana, mzee wangu. Nimemuuliza yeye."

Ndani ya nyumba ile neno hilo lilikuwa halijasemwa na mtu yeyote. Kaka alirudi akasimama mlangoni. Wote wakamgeukia Bosi, wakangoja, na yeye hakuwa na haraka. Alikunywa maji kidogo, akaiweka glasi.

"Ichukue hiyo kazi," alisema. "Kamera yangu inabebeka, na huko nako watu wanahitaji picha. Lakini siji kama mzigo wala kama mwanafunzi wako. Ukinitaka, wazee wako waje hapa, waketi na baba. Nakuja nikiwa mkeo."

"Nakutaka," Meno alisema, meno yote nje.

Mzee alimtazama binti yake, akafungua mdomo kumwambia mke wake jambo, akaufunga. Kisha akamgeukia binti.

"Wewe unaonaje?" aliuliza, na swali lenyewe lilimtoka kwa taabu. "Wazee wake tuwapokee lini?"

"Jumamosi," alisema Bosi, na hakuna aliyebisha.