Kiti cha Ivo Bellei

Jioni hiyo Ornella alikuwa na kazi moja tu: kwenda kuchukua kiti.

Ukungu wa Novemba ulikuwa umeshaifunika nchi yote tambarare nje ya mji wa Modena. Aliendesha pikapu polepole kando ya mfereji, kioo ameshusha, akiyasikiliza magari ambayo hakuweza kuyaona.

Kwa muda mrefu alikuwa akifuatilia nyayo za gari dogo jekundu la mashindano, lililoundwa na vijana wa kijiji kimoja baada ya vita. Mumewe Renzo na shemeji yake Oriano walifufua injini na bati lake katika gereji yao ya urithi, gereji ya kina Malavasi. Yeye alishona viti na kuchimba historia. Alikuwa amelinganisha picha, namba za injini, hata alama za nyundo kwenye boneti. Kila kitu kilikuwa cha asili. Kilichokosekana ni kiti cha dereva, nacho kilikuwa kwa Argia Bellei, dada wa marehemu Ivo, aliyekuwa dereva wa gari hilo. Mara zote Ornella alipokwenda kukiomba, Argia alimfungia mlango.

Leo Argia alipiga simu mwenyewe.

"Njoo ukichukue. Usingoje giza liingie."

Kwa nini leo? Ornella hakupenda wema unaokuja ghafla.

Jikoni kwa Argia palinuka mchuzi wa kuku na kitu kingine... manyoya yaliyoloa. Bibi mwenyewe alikuwa mfupi, macho meupe kwa mtoto wa jicho. Kiti kilisimama ukutani, kimefunikwa shuka.

"Wewe ni wa pili mwezi huu," Argia alisema.

"Wa kwanza nani?"

"Mwanamume. Alisema ametoka kwa kina Malavasi, anataka kukipima. Nikamwacha nacho nikaenda kufungia kuku. Niliporudi, hayupo. Hata kuaga hakuaga."

"Alikuwaje?"

"Mwanangu, macho haya yanajua taa na giza, basi. Alikuwa na sauti nzuri. Ananuka grisi."

Ornella alimfikiria Renzo. Renzo hakuwa amemwambia neno.

"Tangu siku hiyo kuku wangu wananyonyoka," Argia alinong'ona. "Wako uchi, na baridi hii. Manyoya yenyewe siyapati. Nimepapasa banda zima... hakuna hata moja."

Ornella alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

"Bibi, nini kilimuua Ivo?"

Alilijua jibu la magazeti. Gari lilikutwa limesimama pembeni mwa barabara katikati ya mashindano, injini inanguruma, halina hata mkwaruzo. Ivo ameketi, mikono kwenye usukani. Amekufa.

"Moyo, walisema. Mama akakipasua kiti, akatazama ndani, akakishona tena. Hakutuambia alichokiona. Ila tangu siku hiyo hakulalia mto mpaka tunamzika." Argia alisukuma kiti kwa mguu, kama mtu anayemfukuza mbwa. "Kitoe kwangu."

Njiani, nyuma ya pikapu, kukawa na sauti.

Krrr... krrr...

Kama kuku anayejiweka sawa kwenye kiota.

Ornella alipunguza mwendo. Sauti ikanyamaza. Alipokanyaga mafuta, ikaanza tena. Hakusimama. Alipandisha kioo, lakini harufu ya manyoya ilikuwa imeshaingia.

Alimkuta Renzo peke yake gerejini, anaota moto wa jiko la kuni.

"Ulikwenda lini kwa Argia?" Ornella alimuuliza kabla hata hajavua koti.

"Mimi? Nikafanye nini? Mpelelezi wa nyumba hii si wewe?"

"Kuna mtu wa gereji hii alikwenda."

"Basi mmezeeka pamoja, wewe na huyo bibi." Renzo alikishusha kiti, akajitupa juu yake. "Tazama. Kumbe Ivo alikuwa na makalio kama yangu."

"Ondoka hapo."

"Ngoja nipumue kwanza."

Maneno hayo yalimchoma. Mwezi mzima sasa Renzo alikuwa akipumua hivyo, kwa kuazima. Alikuwa amekonda, ngazi za nyumbani zilimshinda, akasingizia baridi. Na ni yeye aliyechaguliwa na mteja wao, mwenye gari, kuliendesha kwenye maonyesho, si kaka yake Oriano aliyewahi kuwa dereva wa mashindano. Oriano alitabasamu tu. "Haki yako, mdogo wangu," alisema siku ile.

Ornella alichukua wembe, akakata mshono.

Viti vya namna hii hujazwa singa za farasi. Hiki kilijaa manyoya.

Alitoa kwanza duara moja la zamani, limesukwa kama kata ya kubebea ndoo, kavu, ncha zake zimekutana. Chini yake kulikuwa na la pili.

Jeupe. Jipya. Vikonyo vya manyoya bado vina damu mbichi.

Lilibakiza upana wa kidole kukutana. Na lilikuwa limefungwa kwa nywele, nyekundu kama kutu. Renzo alijishika kichwa. Kwa kina Malavasi, mwenye nywele hizo alikuwa yeye peke yake.

"Sijawahi kufika kwa yule bibi," alisema taratibu. "Naapa."

Safari hii Ornella alimwamini, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Bibi yake wa milimani alikuwa akisema: duara likikutana, mtu amekwenda. Lichome. Aliyelisuka ataungua, naye atakuja mlangoni kuomba chumvi. Usimpe. Ukimpa anapona, na kazi yake inaendelea.

Akayatupa yote mawili ndani ya jiko la kuni. Moto ulizomea.

Wakapanda nyumbani juu ya gereji, wakakaa wanaangaliana. Ornella alimngoja Argia atokee ukunguni.

Ngo... ngo... ngo.

Alifungua kidogo.

"Shemeji," Oriano alisema kwa ile sauti yake ya upole. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja. "Tumeishiwa chumvi. Hata kijiko kimoja."

Mkono wa kulia alikuwa ameuzika ndani ya mfuko wa koti. Alinuka nywele zilizoungua.

"Mkono una nini?"

"Sufuria. Si kitu."

"Hatuna chumvi."

Oriano alitazama juu ya bega lake, kwenye meza, kwenye kopo la chumvi. Hakuharakisha.

"Haya, shemeji. Lala salama."

Ornella akafunga mlango kwa funguo zote. Renzo alikuwa ameshasimama dirishani, anapumua mpaka chini ya mapafu, kama zamani. Usiku huo alilala bila kukohoa.

Asubuhi Ornella aliamka akakuta kitanda kitupu. Akamsikia mumewe anapanda ngazi. Hatua... kimya. Hatua... kimya.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Oriano." Renzo alishika mlango, akavuta pumzi. "Nimempelekea chumvi. Ni kaka yangu, Ornella. Ulimwaibisha bure."

Ornella alikaa kitandani.

"Na mkono wake?"

"Umepona," Renzo alisema. "Hauna hata alama."