Damu ya Chifu Iliniponza, Nikamfungia Mlango Mwanangu

Nina umri wa miaka sabini na sita. Naishi peke yangu Barking, mashariki ya London, kwenye flati ya ghorofa ya pili. Nilizaliwa Tanga, nikasoma hadi kidato cha nne, na hapa Uingereza nilikuwa karani wa ghala mpaka nikastaafu. Haya ninayoyaandika sikurogwa wala sikudanganywa na mtu. Niliyafanya mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mpashtuni, au Mpathani kama walivyotuita Tanga. Alitoka milima ya mpakani kati ya Pakistan na Afghanistan, akaja Afrika kulinda reli, akamwoa bibi yangu, Mdigo. Baba yake babu alikuwa chifu wa kabila, Malik Zarghun Khan. Babu alitukalisha chini wajukuu wote akatukaririsha majina ya wazee wake saba, baba kwa baba. Aliyekosea alianza upya.

Kisa alichokipenda zaidi ni hiki. Kijana wa ukoo mwingine alimuua mtoto wa kwanza wa chifu. Watu wakanoa visu. Asubuhi moja mama wa muuaji akatokea kizingitini kwa chifu, anavuta kondoo. Kwao hiyo ni mila, wanaiita nanawati: adui akija mwenyewe nyumbani kwako kuomba msamaha, humrudishi, hata kama damu ya mwanao haijakauka. Chifu alilia... akamfungulia. Kondoo akachinjwa, wakala sahani moja.

Kisa hicho nilimsimulia binti yangu wa pekee, Salma, tangu hajui kufunga viatu. Alinisikiliza kwa Kiswahili, akauliza maswali kwa Kiingereza. Mara moja aliuliza mbona bibi Mdigo hayumo kwenye majina saba. Nikamjibu kwamba wanawake hawahesabiwi. Mke wangu, Mwanajuma, alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho, akayarudisha kwenye sinia.

Salma alipofika miaka ishirini na saba, zikaja posa. Mchumba aliitwa Hamadi, Mpemba, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea huko Peckham. Kijana wa dini, mpole. Ningetaka nini zaidi?

Nilitaka nasaba! Wazee wake walipokaa sebuleni kwangu, hata chai hawajanywa, nikamtaka ami yake anitajie babu zao. Akataja watatu, wote wachuma karafuu, akakwama. Nikacheka mbele ya wageni. Nikasema hatukuwa kufu, kwamba mjukuu wa machifu haendi kwa watu wasiojua walikotoka.

Ami yake aliweka kikombe chini taratibu. "Mzee mwenzangu," akasema, "kwani anaolewa na hao marehemu?"

Wenzake wakaficha vicheko. Mimi nikasimama nikawafungulia mlango watoke.

Imamu alinipigia simu mara tatu. Alinieleza kwamba dini ya kijana inatosha, na baba akikataa bila sababu ya haki, yeye ataozesha. Nikamwambia aozeshe. Akaozesha. Sikwenda, na nikamkataza Mwanajuma asiende. Nikamkataza hata kumtaja Salma ndani ya nyumba. Alitii... Miaka thelathini na tano ya ndoa, mwanamke yule hakuwahi kunivunjia neno. Je, utiifu wake niliustahili?

Ikapita miaka miwili. Jumamosi moja mchana, mvua inanyesha, kengele ikalia. Nikafungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Salma! Mtoto mchanga kifuani, na mkononi mfuko wa plastiki wa buchani.

"Shikamoo, Baba," alisema. "Kondoo mzima dereva wa basi angenishusha. Nimeleta mguu. Nimekuja nanawati."

Moyo wangu uliruka, wasomaji wenzangu. Nawaapia, mkono wangu ulishafika kwenye mnyororo. Kisha akilini nikamwona ami wa Hamadi kikombe mkononi, nikasikia vile vicheko, na ulimi ukatangulia.

"Mila hiyo ni ya wanaume."

Nyuma yangu Mwanajuma akasema polepole, "Bwana, aliyekuja kwa chifu alikuwa mwanamke."

Nilijua! Kisa kilikuwa changu, ningesahauje? Nikafunga mlango. Nilisikia mtoto analia ngazini, kisha viatu vinashuka. Mfuko aliuacha kizingitini. Mwanajuma aliupika ule mguu, akanipakulia, yeye hakula. Tangu siku ile alijibu nilipomuuliza, lakini yeye hakuniuliza tena lolote.

Miezi saba baadaye alianguka jikoni. Kiharusi. Hospitali alilala macho wazi, hawezi kusema. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza macho kuutazama. Nilijua anamtazamia nani. Namba ya Salma ilikuwa kwenye simu yake, na simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Sikupiga siku ya kwanza. Nilijiambia atapona. Siku ya pili nilijiambia habari zitamfikia Salma kwa watu, naye atakuja kuniangukia tena, na safari hii nitamfungulia. Hebu fikirini ujinga huo! Siku ya tatu asubuhi, Mwanajuma akafariki. Ndipo nikapiga.

Salma alikuja akamwosha mama yake pamoja na wanawake wa msikitini. Alipotoka, mikono bado ina harufu ya kafuri, alisimama mbele yangu. Hakulia.

"Siku tatu, Baba," alisema. "Na mimi niko Peckham, London hii hii."

Kwenye makaburi imamu aliuliza maharimu wa marehemu ni nani, yaani wanaume wa familia wanaoruhusiwa kumgusa, washuke kumpokea. Sina mtoto wa kiume. Kaka zake wako Tanga. Kwa sheria ya dini, mwanamume mwingine aliyekuwa maharimu wake katika nchi hii alikuwa mkwewe. Hamadi akavua viatu, akashuka kaburini pamoja nami. Alimshika kichwani kama mtu anayelaza mtoto, akamgeuza kuelekea kibla, akanipa mkono nipande. Sikuwahi kumpa mkono kabla ya hapo.

Sasa ni mwaka wa nne. Salma hunipigia simu kila Idi. Amesema amenisamehe, nami namwamini. Lakini nikimwalika kwangu hujibu kwa adabu, "Hapana, Baba, njoo wewe." Basi huenda mimi. Mjukuu wangu ananiita Mzee, kama baba yake anavyowaita wazee anaowahudumia. Sijamrekebisha. Jina la Babu nitalidai kwa haki gani?

Enyi baba na mama mnaosoma, nasaba ni kitu kizuri, wafundisheni watoto. Ila msiitumie kumpima mtu aliyekaa mbele yenu. Na kama yupo mwana uliyemfukuza, usikae unangoja aje mara ya pili akupigie magoti. Mimi nilingoja siku tatu tu... na aliyekufa akimtazamia Salma hakuwa mimi.